Namba Moja ya Akiba

Kwa miaka kumi na tisa Tak Hyangsun alipika chakula cha mchana katika shule moja ya msingi mjini Jecheon, sinia mia saba na ushee kila siku, na hata siku moja mtoto wa mwisho kwenye foleni hakurudi na sinia tupu. Hilo ndilo pekee alilojivunia, na hata hilo alilitaja kwa nadra. Mapafu yake yalikuwa yamechoshwa na moshi wa mafuta ya kukaangia. Akipanda ngazi kwenda kwake ghorofa ya nne, alisimama ghorofa ya pili akijifanya anatafuta funguo. Watu walimwita Mama Chorong, kwa jina la binti yake wa pekee, na majirani wengi hawakujua kama alikuwa na jina jingine.

Februari shule zikifungwa, wapishi nao hukaa nyumbani. Februari ile Hyangsun alikaa nyumbani na simu.

Chorong alikuwa na miaka ishirini na mmoja na alikuwa ameufanya mtihani wa taifa wa kuingia chuo mara tatu. Mara ya kwanza aliugua. Mara ya pili alama hazikutosha. Kabla ya mara ya tatu, baba yake, Pyo Jongdae, fundi wa kiwanda cha saruji, mtu asiyependa maneno mengi, alimkalisha sakafuni akamwambia, "Tatu. Ya nne haipo. Si kwa sababu yangu, kwa sababu yako. Unakonda kama ufito." Chorong akasema sawa, tatu, wakapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Kila mtahiniwa anaruhusiwa kuomba vyuo vitatu. Kimoja kilimkataa moja kwa moja. Viwili vilivyobaki vilimpa namba za akiba: chuo cha ualimu wa shule za msingi, alichokitamani tangu akiwa mdogo, kilimpa namba tisa, chuo kingine, idara ya uuguzi, kilimpa namba thelathini na moja. Mwenye namba ya akiba hajapokelewa wala hajakataliwa, amewekwa mlangoni. Waliopokelewa kwingine wanapoacha nafasi zao, foleni inasogea hatua moja, na kila aliyeko nyuma anasogea naye. Siku ya mwisho, saa kumi na mbili jioni, mlango unafungwa. Aliyeingia mwisho kabisa huitwa mfunga mlango, na watu humtania maisha yake yote. Anayemfuata hana jina.

Hyangsun alibandika karatasi kwenye mlango wa friji, upande wa kushoto akaandika Ualimu, upande wa kulia Uuguzi. Kila mchana chuo kilipotoa orodha mpya, alikata namba ya jana akaandika ya leo. Tarehe kumi: tisa, thelathini na moja. Tarehe kumi na mbili: saba, kumi na tisa. Tarehe kumi na tatu haikusogea hata moja, na siku hiyo alifua mapazia yote ya nyumba.

Tarehe kumi na nne ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Chorong. Jongdae alirudi kutoka kazini, akafunua sufuria, akachungulia.

"Supu ya mwani ya siku ya kuzaliwa iko wapi?"

"Hakuna."

"Mtoto anazaliwa mwaka mzima mara moja, hakuna supu ya mwani?"

"Mwani unateleza. Anayesubiri namba hali kitu kinachoteleza."

"Sasa amekula nini?"

"Supu ya nyama. Kaa ule, acha kunuka saruji kwenye sufuria yangu."

Chorong alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. "Baba, mwache. Jana alinikataza kuvaa soksi kwenye sakafu ya jikoni."

"Kwa sababu inateleza?"

"Kwa sababu inateleza."

Tarehe kumi na sita, saa nne asubuhi, chuo cha uuguzi kilipiga. Hyangsun ndiye aliyepokea. Chorong alikuwa amepata kibarua kwenye duka la mikate karibu na stesheni ya treni, na mwenye duka hakutaka simu mahali penye unga, kwa hiyo kila asubuhi msichana aliiacha simu yake mikononi mwa mama yake, pamoja na neno lake la siri na maagizo: "Wakipiga, sema ndiyo. Usiulize hali ya hewa. Usiulize kama wamekula. Sema ndiyo." Vyuo hupiga mara tatu tu, kisha humpigia anayefuata. Hyangsun alikuwa akienda nayo hadi chooni.

"Je, Pyo Chorong atajiandikisha?" iliuliza sauti ya kijana.

"Ndiyo," alisema Hyangsun. Kisha, kwa kuwa ukimya ule ulimtisha, akasema tena, "Ndiyo. Ndiyo, Mwalimu."

"Moja inatosha, Mama," alisema kijana, na ilionekana anatabasamu.

Jioni walijiandikisha. Jongdae alifungua chupa ya pombe ya mchele, akamimina vikombe vitatu. "Muuguzi naye si mtu? Mimi nikivunjika mguu nitatibiwa na mwanangu bure."

"Ni mzuri," alisema Chorong. "Uuguzi ni mzuri." Alikunywa kidogo, akaenda kutazama karatasi kwenye friji. Upande wa kushoto ulikuwa umefika nne.

Hyangsun aliuona mgongo wa binti yake pale kwenye friji, na hakuusahau. Ungedhani ni mtu anayesoma tangazo la msiba wa mtu asiyemjua sana.

Tangu hapo upande wa kulia haukuwa na kazi tena. Ilibaki namba moja tu nyumbani. Nne ikawa tatu. Tatu ikawa mbili. Tarehe kumi na tisa mchana, siku moja kabla ya mwisho, Hyangsun aliifungua tovuti ya chuo cha ualimu, akaiona namba moja, akakaa chini pale pale. Mbele ya Chorong hakukuwa na mtu yeyote. Alichohitaji ni mmoja tu, popote alipo, mwenye viti viwili, aachie kimoja.

Jioni ile alipigiwa na Mama Gyuri, mpishi mwenzake, mdogo kwake kwa miaka mitano, ambaye mwanawe alipita mapema tangu Desemba na tangu hapo alikuwa mtaalamu wa mambo yote ya vyuo.

"Dada, namba moja! Basi hapo umeingia. Lakini angalia usije ukaharibu. Bado mmeshika uuguzi?"

"Tumeshika."

"Ah. Basi ujue sheria. Ukikutwa umejiandikisha sehemu mbili, zote mbili zinafutwa. Kompyuta yenyewe inafuta, haiulizi mtu. Mtoto wa binamu yangu kidogo tu azikose zote."

"Alizikosa?"

"Nimesema kidogo tu. Na siku ya mwisho mitandao inajaa, Dada. Watu nchi nzima wanabonyeza kwa pamoja. Wewe na vidole vyako hivyo vya kukata figili, utaweza?"

Hyangsun alitazama vidole vyake. Hakulala vizuri, na asubuhi ya tarehe ishirini, Chorong alipokuwa akivaa koti, alimwambia, "Leo usiende. Kaa tusubiri wote."

"Mama, nikikaa hapa nitakutazama wewe, wewe utanitazama mimi, saa tano tutakuwa wendawazimu. Nitarudi saa kumi na moja." Akamkabidhi simu. "Ndiyo tu. Sawa?"

"Sawa."

"Hebu jaribu."

"Ndiyo."

"Umepita," alisema Chorong, akashuka ngazi.

Nje baridi ilikuwa nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Saa tatu na nusu Hyangsun alipiga simu chuo cha uuguzi ili aisikie sheria ile kwa masikio yake, maana Mama Gyuri alikuwa na tabia ya kuongeza chumvi. Ilipokelewa na kijana yule yule.

"Mwalimu, mtu akipata nafasi chuo kingine afanyeje?"

"Akipata kwingine, Mama, kwanza afute huku, ndipo ajiandikishe kule. Asijiandikishe kule kabla hajafuta huku."

"Kwanza afute huku."

"Ndiyo, kwanza afute huku."

Alishukuru, akakata, na akaandika kwenye karatasi ya friji, chini ya Uuguzi, maneno matatu: kwanza kufuta huku. Kijana alikuwa amesema maneno mengine mawili kabla ya hayo, akipata kwingine, lakini hayo Hyangsun hakuyaandika.

Saa nane mchana tovuti ya chuo cha ualimu ilionyesha namba moja kwa mara ya mwisho. Kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili ni simu tu. Hyangsun alikaa kwenye sakafu iliyopashwa joto kwa chini, simu mbili mapajani, yake na ya binti yake, akamenya machungwa madogo asiyoyala. Akamfikiria yule mtu. Ni lazima alikuwapo mmoja, mvulana au msichana, aliyekwisha kuchagua chuo kingine na bado amekikalia kile cha ualimu, kwa uvivu au kwa kusahau. Alimchukia kwa nusu saa nzima. Mtu gani anakalia viti viwili wakati mwenzake amesimama kwenye baridi? Mama yake amemlea vipi?

Kisha, akiwa na chungwa nusu mkononi, ikamjia kwamba kwenye foleni ya uuguzi kuna mama mwingine aliyekaa sakafuni, na mtu anayechukiwa na huyo mama ni Chorong.

Hilo lilimwingia mwilini kabla halijamwingia akilini. Miaka kumi na tisa alikuwa akiipima foleni kwa jicho, akipunguza kijiko huku ili kule mwisho kisikose. Akajiambia kwamba kama kuna haki yoyote katika mambo haya, ni hii: achia, nawe uachiwe. Akajiambia pia kwamba simu ikija saa kumi na moja na dakika hamsini, mitandao imejaa, vidole vyake vizito, kiti cha pili kitawapotezea vyote. Hakujua lipi kati ya hayo mawili lilimwinua. Aliinuka, akawasha kompyuta ya mumewe, akaingia kwa jina la Chorong na neno la siri la Chorong.

Ukurasa ule ulimuuliza mara tatu. Je, unataka kujitoa? Je, una hakika? Ukishajitoa, nafasi hairudi, je, umeelewa? Namba ya uthibitisho ilitumwa kwenye simu ya Chorong, na simu ya Chorong ilikuwa mapajani mwake. Akaandika tarakimu sita, moja moja, kwa kidole kimoja. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Alipomaliza aliona wepesi kifuani, kama mtu aliyepumua vizuri baada ya muda mrefu, akaenda kuosha mikono.

Saa tisa na dakika kumi simu iliita. Aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Ndiyo," alisema.

Ilikuwa kampuni ya intaneti.

Saa tisa na dakika thelathini na tano iliita tena.

"Ndiyo."

"Mama, ni mimi wa ofisi ya udahili, uuguzi. Tumeona Pyo Chorong amejitoa. Nilitaka tu kuhakikisha kwa ajili ya kumbukumbu. Hongera, amepata wapi?"

"Tunasubiri simu, Mwalimu. Yuko namba moja."

 Kule upande wa pili zilisikika simu nyingine zikiita ofisini mle na mtu akisoma majina.

"Mama," alisema kijana taratibu, "hawajapiga bado?"

"Bado. Mwalimu si ulisema kwanza nifute huku?"

"Nilisema akipata. Akishapigiwa, Mama. Angekuwa na siku nzima ya kesho ya kufuta na kujiandikisha."

Hyangsun aliinuka. "Basi nirudishie. Dakika hamsini na tano tu zimepita. Ni mimi nimebonyeza, yeye hajui. Yuko kazini."

"Nilishampigia anayefuata. Saa tisa na dakika mbili. Amekubali." Kisha akaongeza jambo ambalo huenda hakupaswa kulisema. "Alikuwa analia, Mama. Yeye na mama yake. Siwezi kumpigia tena nikamwambia."

"Hapana," alisema Hyangsun. "Huwezi."

Akakaa. Kuanzia hapo hakumwombea Chorong apate nafasi aliyoitamani. Aliomba tu kule kubonyeza kwake kusiwe kosa. Saa kumi ikapita. Jongdae alipiga kutoka kiwandani: "Vipi?" "Bado." "Haya. Uuguzi si upo." Akakata, akarudi kazini.

Chorong alirudi saa kumi na moja kasorobo na mfuko wa mikate iliyobaki, pua nyekundu kwa baridi. Alimtazama mama yake usoni, akajua hakuna simu. Akakaa karibu naye, akafunika miguu yao wote wawili kwa blanketi moja.

"Umekula?"

"Nimekula," alidanganya Hyangsun.

"Muongo. Kula huu wa maharage mekundu, nimeusokota mwenyewe. Umepinda kidogo."

Walikaa wakiitazama simu. Saa kumi na moja na nusu iliita. Ilikuwa Mama Gyuri. Chorong akasema, "Shangazi, kata, tutakupigia," akakata mwenyewe. Saa kumi na moja na dakika hamsini na tano Hyangsun aliisogeza simu karibu na magoti yao. Saa kumi na mbili ilifika bila sauti yoyote. Walingoja dakika saba zaidi, kwa sababu saa za ofisi nyingine huchelewa. Kisha Chorong akaivuta simu, akaifunika uso chini sakafuni.

"Haya. Basi," alisema. Sauti yake ilikuwa na machozi kidogo lakini haikukatika. "Nimesimama mlangoni kabisa nikakosa. Wanafunzi niliotaka kuwafundisha wangenicheka."

"Chorong."

"Usinionee huruma, Mama. Nimeshajiandaa. Unajua juzi nilipita maktaba nikaazima kitabu cha viungo vya mwili? Nilidhani nitatapika, na sikutapika. Kuna wauguzi wanaokaa shuleni, wanaotibu watoto wadogo wakianguka uwanjani. Nimeuliza, inawezekana. Ukisoma uuguzi na masomo fulani ya ualimu inawezekana." Akageuka, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Hyangsun hakuwa amekiona kwa miaka mitatu. "Kusema kweli nimeanza kuupenda."

Hyangsun alimwambia. Hakujua njia nyingine ila kusema yote kwa mfuatano, kama anavyotoa taarifa kwa msimamizi wa jiko: Mama Gyuri alisema hivi, ofisi ikasema hivi, nikaelewa hivi, nikabonyeza, wakapiga, aliyefuata amekubali. Alipomaliza alikuwa bado ameshika kipande cha mkate.

Chorong hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika arobaini."

"Mimi saa hizo nilikuwa napaka mayai juu ya mikate." Alisema hivyo kama anayejaribu kukumbuka alikuwa anawaza nini. Kisha akaichukua simu yake, akaingia kwenye tovuti ya uuguzi. Jina lake halikuwapo. Akaangalia mara mbili.

Asubuhi iliyofuata Hyangsun alipanda basi la kwenda chuo cha uuguzi, saa mbili na nusu za safari, bila kumwambia mtu. Kijana wa ofisi, ambaye uso wake ulikuwa mdogo kuliko sauti yake, alisimama alipomwona, akaelewa ni nani. Alimpa kiti na chai ya shayiri. Hyangsun alikuwa amejiandaa kupiga magoti. Badala yake aliuliza, "Yule mwingine amekwisha kujiandikisha?"

"Saa mbili asubuhi, mara tu mfumo ulipofunguliwa."

"Anatoka mbali?"

"Siruhusiwi kusema, Mama."

"Sawa." Akainywa chai yote, kwa heshima, akarudi.

Jongdae alikuwa amesikia habari kutoka kwa Chorong. Hakugomba. Jioni, wakiwa wamekaa wote watatu mezani, alisafisha koo akasema, "Nilisema tatu. Navunja neno langu. Fanya ya nne. Mimi ndiye niliyesema, mimi naondoa."

"Baba, si neno lako peke yako," alisema Chorong. "Tulipeana mikono. Na mimi sina nguvu tena. Nikifungua vile vitabu naona herufi zinatembea." Alikuwa amemwambia mwenye duka kwamba kuanzia Machi anaweza kufanya siku sita kwa wiki, na mwenye duka alifurahi.

"Mwaka mmoja tu," alisema Hyangsun. "Nitakuwa sigusi kitu."

Chorong alimtazama mama yake kwa muda. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Hyangsun angeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Mama, nikuulize. Pale ulipobonyeza. Ulikuwa unanifutia mimi, ili nisikose ualimu, au ulikuwa unamwachia yule mwingine?"

Jongdae aliweka kijiko chini. Hyangsun alifungua mdomo. Alitaka kusema ni kwa ajili yako, na lilikuwa kweli. Lakini aliukumbuka ule wepesi wa kifuani, na alijua kwamba pale alipobonyeza mara ya tatu hakuwa akiuona uso wa binti yake. 

Chorong alingoja kiasi cha mtu kungoja jibu. Kisha akakusanya bakuli zao, akaanza kuosha vyombo, na Hyangsun akabaki mezani akitafuta la kusema hadi maji yaliposimama bombani.